Mume naye apimwe

Mhariri,

Hapa Kigoma, ndoa ikipita mwaka bila mimba, mawifi huanza minong'ono na mke hupelekwa kwa mganga, kisha kwa mwingine. Mume yuko barazani anakunywa kahawa. Ilhali kasoro upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya matatizo haya, na kupima mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mwanamke.

Kwa wanawake, mara nyingi ama mayai hayapevuki ama mirija ya uzazi, inayopitisha mayai, imeziba. Mirija huziba kwa makovu ya magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, klamidia au kisonono, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Huonekana kwa eksirei, dawa maalumu ikipitishwa kwenye kizazi. Zile chupa za "kuzibua mirija" zinazouzwa mitaani haziondoi kovu. Mimi nauita wizi. Mayai yasiyopevuka, hayo mara nyingi hutibika kwa vidonge vya hospitali.

Mwanamke aliyefikisha miaka 35 asingoje mwaka ndipo aende kupimwa hospitali, miezi 6 yatosha. Na mumewe aongozane naye siku hiyohiyo, si baada ya mke wa pili naye kukosa.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma