Msiwalaumu vijana wa Pwani, tazameni wanachofunzwa

Mhariri,

Nimesoma ripoti yenu juu ya vijana wa Pwani na uzalendo, na nimeshindwa kunyamaza. Ati vijana hawa hawana uzalendo, na dawa ni kuongeza siku za kupandisha bendera na kukariri ahadi ya uaminifu. Bendera inapandishwa Jumatatu na Ijumaa miaka nenda miaka rudi. Kama ingekuwa dawa, mgonjwa angalipona zamani.

Sauti ya wimbo wa taifa ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto, huko Mto Tana. Ni watoto wangapi wa Mombasa wanaoambiwa hivyo pale paredi? Na kama dogo hilo halisemwi, sembuse habari ya Mwambao, yaani huu ukanda wetu wa pwani. Mwaka 1895 ukanda wa maili kumi uliwekwa chini ya usimamizi wa Waingereza, Sultani wa Zanzibar akilipwa kila mwaka, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea Fort Jesus. Mwaka 1961 Sir James Robertson, kamishna aliyetumwa kuichunguza hatima ya ukanda huo, alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 makubaliano yakatiwa saini London, pamoja na ahadi kuhusu mahakama za Kadhi, mafundisho ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu na hati za ardhi zilizokuwapo. Mtoto wa skwota hawezi kuelewa kwa nini babake analima shamba lisilokuwa lake bila kuzijua hati hizo na sheria ya ardhi ya 1908 iliyozizaa. Mwalimu anapita hapo mbiombio kwa kuogopa kuitwa mchochezi. Matokeo yake kijana anaisikia habari hiyo maskani, nusu nusu, imefungwa ndani ya kauli ya kujitenga ya "Pwani si Kenya", halafu nyinyi mnashangaa kwamba hana uzalendo!

Mtaala mpya unautaja uraia miongoni mwa stadi saba za msingi. Lakini katika sekondari ya juu, Historia na Uraia ni somo la kuchagua, na serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi waende sayansi, teknolojia na hisabati. Maana yake wengi wataagana na somo hilo Gredi ya 9, miaka mitatu hivi kabla ya kuomba kitambulisho. Na kitambulisho chenyewe Wamakonde walikisubiri hadi 2016, Wapemba hadi 2023, ilhali watoto wao waliimba wimbo wa taifa kama wenzao.

Limebaki somo la huduma kwa jamii. Shule moja upande wa Likoni iliwapeleka wanafunzi ufuoni muhula uliopita, wakaokota chupa za plastiki, wakapigwa picha, picha zikawekwa kwenye faili, wakapewa alama. Hakuna aliyewauliza nani ana wajibu wa kuzoa taka zile, wala zimetengewa shilingi ngapi. Huo ni usafi, na usafi ni mwema, lakini uraia haukufunzwa hapo.

Na zile diski! Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Bado kuna shule mjini humu ambapo mtoto akisema Kiswahili siku isiyokuwa ya Kiswahili huvishwa diski, yaani kibao, shingoni hadi amnase mwenziwe akikisema. Tunamfunza kusaliti rafiki kwa sababu ya lugha ya taifa, kisha saa nne tunamfunza umoja.

Wizara ifanye hivi. Kila kundi la Gredi ya 10 lichukue wadi moja na jambo moja: mtaro, zahanati, au taa za barabarani. Kazi ianze Januari, isingojee makadirio ya bajeti, kwani hayo hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na Aprili shule huwa zimefungwa. Waraka wa mkakati wa fedha, ule unaoweka vipaumbele vya bajeti ya kaunti, ndio unaofaa: hupelekwa katika bunge hilo kufikia Februari 28, na sheria inaitaka hazina ya kaunti itafute maoni ya umma kabla ya hapo. Wanafunzi wamwendee msimamizi wa wadi, waandike maoni yao kurasa mbili kwa Kiswahili, wapeleke nakala mbili, na moja irudi shuleni na muhuri wa kupokelewa. Kikwazo kikubwa kitakuwa nyaraka zenyewe: ni ndefu, ni za Kiingereza, na matangazo ya mikutano hutoka siku chache kabla. Kwa hiyo kaunti ilazimishwe kutoa muhtasari wa Kiswahili wiki tatu mapema.

Alama zitolewe kwa nakala yenye muhuri, si kwa picha. Wakifika Gredi ya 11, kundi lile lile lifungue bajeti iliyopitishwa na kutafuta kama mtaro wao umo.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa