Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Umoja wa Posta Duniani: kifurushi kinamsubiri nani?

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kwa niaba ya sisi tunaonunua vitu mtandaoni kutoka nchi nyingine, kisha tukabaki kutazama simu inayosema kila siku kwamba mzigo "uko forodhani".

Umoja wako, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, ndio uliotupa namba ya kufuatilia mzigo: herufi 2, tarakimu 9, na herufi 2 za nchi mzigo ulikotoka. Posta inayotuma na inayopokea zinaisoma namba ileile, na hilo si jambo dogo. Tatizo ni kwamba tunaambiwa mzigo uko wapi, hatuambiwi unamsubiri nani.

Safari ya ndege ni saa chache tu. Kinachokwamisha ni fomu ya CN22, ile ya kuieleza forodha kilichomo ndani ya mzigo, iliyojazwa "zawadi" au "vifaa". Afisa wa forodha atavitoza ushuru gani hivyo "vifaa"? Anakiweka kifurushi kando, na hana kosa. Kama ingeandikwa "fulana ya pamba", pamoja na bei ya kweli na nchi ilikotengenezwa, angekimaliza upesi. Tangu 2021 kanuni zenu zinataka taarifa hizo zitangulie kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo haujafika. Kanuni nzuri, lakini kaunta inayopokea maelezo ya ovyo bado inachukua nauli na kubandika lebo. Usumbufu wote unamwangukia mnunuzi, ambaye fomu yenyewe hajawahi kuiona.

Kodi nayo imebadilika. Julai 2021 Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa VAT kwa bidhaa zisizozidi yuro 22, lakini ukaweka utaratibu wa muuzaji kukusanya kodi hiyo mteja anapolipia, kwa mizigo isiyozidi yuro 150. Agosti 2025 Marekani ilisitisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800, na posta kadhaa zikaacha kwa muda kutuma mizigo huko kwa sababu hazikuwa na namna ya kuukusanya ushuru huo. Mnunuzi angependa kujua gharama yote kabla ya kulipa, hata ikiwa kubwa. (Wengine tungeghairi, ni kweli.)

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Posta wanachama zikatae kifurushi chenye maelezo yasiyoeleweka palepale kaunta, muuzaji akiwa bado yupo. Na mzigo ukizuiwa, ujumbe wa ufuatiliaji utaje sababu, na useme kama anayetakiwa kuchukua hatua ni muuzaji, posta au mimi.

Wako,
Mnunuzi