Barua kwa binti yangu anayetaka kuosha magari uani kwake

Tabata Segerea,
Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, kwanza peke yangu, kisha na mama yako. Umeuliza ununue mashine gani ya presha ili uanze kuosha magari hapo mlipopanga, Nyegezi, Mwanza. Ya mashine nitakujibu. Lakini lipo linalotangulia mashine, na kwa simu nisingelimaliza.

Unakumbuka uani kwetu palivyokuwa. Simtanki la lita 1,000 juu ya mnara wa matofali, turubai la bluu, magari mawili matatu yakisubiri zamu chini ya mwembe. Ulikuwa darasa la tano nilipoanza. Majirani walisema nimepata, kwa kuwa silipi kodi ya fremu wala eneo la barabarani, na mimi nikaamini hivyohivyo. Kila jioni nilihesabu fedha, nikatoa posho ya vijana wawili na bei ya sabuni, kilichobaki nikakiita faida. Nilienda hivyo miaka miwili.

Siku moja baada ya chakula cha usiku mama yako akaniwekea daftari mezani. Hakusema neno. Ndani kulikuwa na mwezi baada ya mwezi: bili ya maji, umeme wa LUKU, chai na maandazi ya vijana, dawa ya mbu kwa sababu ya dimbwi la nyuma ya ukuta. Vyote alivilipa yeye, kwa fedha ya vitenge vyake. LUKU ndiyo iliyonikata maini. Nyumba yetu ilikuwa kundi la D1, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na wakati ule uniti moja ilikuwa sh 100 kabla ya kodi na tozo. Mashine yangu ya wati 1,800 pamoja na vakyumu vilituvusha hapo, tukaingizwa kundi la juu yake, T1, sh 292 kwa uniti. Hebu ona: haukupanda umeme wa kuoshea magari peke yake. Taa ya chumbani kwenu, friji, pasi ya sare zenu za shule, vyote vikaanza kulipiwa bei hiyo. Nilipotoa ya kwenye daftari kwenye kile nilichokiita faida, kuna miezi mitatu haikubaki hata senti. Mama yako alikuwa anaibeba biashara yangu mgongoni na mimi sijui.

Kwa hiyo, mama yangu, ombi langu la kwanza ni hili: nyumba uilipe. Kazi ya nyumbani haina pango la fremu, lakini pango lipo, na asipolilipa mwenye kazi atalilipa mtu mwingine wa humo ndani bila kuulizwa. Zungumza na mwenye nyumba wenu mapema, tena uso kwa uso, akikubali omba mita ya pili ya umeme kwa ajili ya kazi. Bomba la kazi lifungie mita ndogo ya maji, mafundi wa bomba wanazo. Kila mwisho wa mwezi fedha ya maji na umeme itoke kwenye kazi iingie kwa mkwe wangu, hata kama anakwambia acha tu. Atakwambia acha tu, namjua. Usiache.

Maji nilianza kuyapima baada ya daftari lile. Mpira wa kawaida ukiachwa unatiririka wakati kijana anasugua, unamaliza lita 200 na zaidi kwa gari moja. Mashine ndogo inatoa lita sita hadi nane kwa dakika, na ukiifunga kila unaposugua, gari dogo halifiki lita 80. Kwa maji una bahati kuliko mimi. Kisima chetu kina chumvi, ulikuwa unalalamika nywele. Kwenye gari jeusi maji yale yakikaukia juani yanaacha madoa meupe ya duara, na yakikaa sana yanaila rangi. Nilikuwa nanunua maji ya bomba ya DAWASA ya kusuuzia peke yake. Maji ya ziwa hayana tabu hiyo, ila hata hivyo usioshee juani. Sabuni ikikauka juu ya boneti la moto utasugua hadi machozi.

Maji machafu nayo yana pa kwenda. Usikubali yatoke getini. Mwanza ni mteremko na mawe, kinachotoka kwako kinaingia kwa jirani wa chini, kisha mfereji, kisha ziwani, na ziwa hilohilo ndilo linalovutwa pale Capri Point mkanywa. Chimba shimo la kokoto na mchanga, na kabla yake jenga kisanduku cha kunasia tope na mafuta, ukisafishe kila wiki. Wateja wengine watakwambia mshuke nao ufukweni kama wengine wanavyofanya. Kataa. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na hata isingekuwepo, mjukuu wangu anakunywa maji hayo.

Leseni iulizie halmashauri, TIN ni bure. Usimpe mtu fedha akutafutie.

Sasa kazi yenyewe. Kuosha nje tu kusikutie moyo sana, maana kila kona ya mji kuna kijana na ndoo, na bei yake huiwezi wala usiifukuzie. Fedha ya kazi ya nyumbani iko kwenye mambo yanayotaka utulivu: siti, kapeti, paa la ndani, harufu, taa zilizopata ukungu wa njano, kupiga polishi. Gari moja la namna hiyo kwa siku linatosha, na halijazi uani kwako watu wa kusubiri.

Rangi ya gari ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Juu kabisa kuna klia, lile tabaka la kung'aa lisilo na rangi, na unene wake kwa kawaida ni maikroni 40 au 50 hivi, chini ya unene wa unywele. Ile mistari ya duara unayoiona kwenye gari jeusi likipigwa na jua ni mchanga uliosuguliwa na kitambaa kichafu. Kwa hiyo ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia glovu, na ya tatu ya rimu peke yake. Kitambaa kikianguka chini, kwa siku hiyo hakirudi kwenye bodi. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie, inaondoa nta yote. Utomvu wa mwembe na kinyesi cha ndege usivikwangue, vilowanishe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mpaka vilegee vyenyewe.

Kuna jambo sikuwahi kukusimulia. Mwaka wa pili nilikuwa napiga polishi Toyota Crown nyeusi ya mteja wangu wa siku nyingi. Nilichoka, nilikuwa nimeanza saa kumi na moja alfajiri. Kwenye ukingo wa boneti nikaiweka mashine sekunde chache zaidi. Kwenye kingo rangi ni nyembamba na joto linajikusanya hapo. Nikaona weupe unatokea. Nilikaa chini kwenye ndoo, mikono inatetemeka. Kijana akaniambia tupake polishi ya rangi, hataona mpaka mvua zinyeshe. Nikampigia mwenye gari, nikamwambia nimelichoma boneti lako, njoo ulione kabla sijaligusa tena. Kupaka upya kulinigharimu sh 180,000, na mwezi ule nyumba ilijua. Mtu yule bado ananiletea gari, na sasa mwanaye naye ananiletea lake. Tangu hapo kingo zote nazibandika utepe wa karatasi kabla ya kuwasha mashine, na baada ya saa kumi jioni sipigi polishi gari la mtu.

Siti usiziogeshe maji. Nyunyizia povu, piga brashi laini, vuta kwa vakyumu ya maji, rudia. Chini ya siti kuna nyaya, na zenye plagi za njano ni za mifuko ya hewa. Hizo usizichomoe wala usizilowanishe. Siti za kitambaa usizipokee baada ya saa sita mchana, hasa masika. Zikirudi kwa mwenyewe mbichi, siku ya tatu gari litanuka kuvu, na atakuwa na haki ya kukulaumu. Gari likinuka hata baada ya kusafishwa, fungua kisanduku cha mbele ya abiria utazame chujio la AC. Mara nyingi ubaya umelala pale, majani na manyoya ya panya, na mwenye gari hajui hata kama kitu hicho kipo.

Taa za njano zina fedha nzuri na gharama ndogo: msasa wa maji namba 1000, 2000, 3000, halafu polishi. Lakini ukimaliza lazima upake kinga ya jua, kwa sababu ile ya kiwandani umeiondoa na msasa. Wengi wanairuka hatua hiyo, taa zinarudi njano baada ya miezi michache, mteja anaona ametapeliwa.

Gari likiingia, lizungukeni wewe na mwenyewe, piga picha kila mkwaruzo na kila bonyeo, mtumie hapohapo. Ndani ya gari utakuta maisha ya mtu. Vyeti vya hospitali, barua za mahakama, hereni ya nani sijui. Vyote vitie kwenye mfuko, mkabidhi aliyeleta gari, na kwako viishie hapo. Usimwambie hata mkwe wangu. Mji ule si mkubwa kama unavyoonekana.

Na mjukuu wangu. Ile tindikali ya kung'arishia rimu usiinunue kabisa, inachoma ngozi na inaharibu alumini. Dawa nyingine zote zikae kwenye kabati lenye kufuli, ndani ya chupa zake zenyewe. Mdogo wako alikuwa na miaka minne nilipomkuta ameshika chupa ya soda niliyomiminia dawa ya kuondolea mafuta kwenye injini, kifuniko tayari ameshafungua. Niliipokonya. Usiku ule sikulala, na nikiandika haya mkono bado unakuwa mzito.

Mashine: chukua ya wati 1,400 hadi 1,800, yenye kichwa cha pampu cha shaba kama utaipata, na usinunue kubwa zaidi ya hapo kwa kuanzia. Waya wa kurefusha umeme uwe mnene, usiuache umekunjwa wakati mashine inafanya kazi, na fundi akufungie soketi yenye kikata umeme cha usalama kabla hujaanza. Umeme na maji uani kwenye mtoto si jambo la kusema tutafunga baadaye.

Kifurushi kinaondoka na basi la kesho alfajiri. Nimeweka vitambaa 12, ndoo yenye kichujio cha chini, msasa, na daftari jipya ambalo mama yako amelichora mistari mwenyewe, safu ya kwanza ameandika "Nyumba". Kuna pia brashi ndogo yenye mpini uliofungwa utepe mwekundu. Ni ileile uliyokuwa ukisafishia matundu ya AC ukitoka shule, na manyoya yake bado hayajalegea.

Baba yako