Shangazi, usiizime hiyo mashine ya kuvuta majimaji ya kidonda usiku

Shangazi shikamoo. Naandika hapa wazi maana najua si wewe tu, wapo wengi wanauguza vidonda vya sukari na majirani wanawaambia eti kidonda lazima kipigwe na hewa. Hapana jamani. Kidonda cha mguuni cha Mzee kikikauka kinagoma kupona, ndo maana wakajaza sponji, wakabandika ile plastiki juu, mpira ukaenda kwenye mashine, na ule mvuto (mara nyingi wanauweka kwenye 125, yaani milimita za zebaki, kipimo cha nguvu ya kuvuta) unatoa majimaji hadi kwenye kopo la mashine, unapunguza uvimbe, unasogeza kingo na nyama mpya nyekundu inaanza kuota toka chini.

Sasa hii ya kuzima usiku kisa inaunguruma. Ukizima, ule uchafu unabaki kwenye sponji, juu kumezibwa na plastiki, bakteria wanajilia tu. Ikizimika zaidi ya masaa mawili sponji inabidi itolewe afungwe bandeji ya kawaida, kwahiyo umeme ukikatika mpigie nesi mapema, na betri ichajiwe muda wote, Tanesco tunaijua. Baada ya tetemeko la Haiti 2010 kuna mtafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, Danielle Zurovcik, yeye na wenzake walipeleka kule pampu ya mkono ya kuvuta kidonda hivihivi, isiyotaka umeme kabisa, natamani na sisi tungekuwa nazo kila wilaya.

Kuzima ni pale tu ukiona damu mbichi inaingia kwenye kopo kwa kasi. Hapo zima, sponji usiivute, kandamiza kwa kitambaa safi na mkimbize hospitali, hasa Mzee anavyokunywa dawa za kuzuia damu kuganda.

Halafu shangazi, mashine haishushi sukari. Soda ziishe humo ndani. Na asikanyagie ule mguu hata kwenda chooni, mnunulieni magongo, maana mtu anavutwa kidonda usiku kucha asubuhi anakiponda kwa uzito wake mwenyewe. Muulize daktari pia kama wamepima damu inafika vizuri mguuni na kama mfupa hauna infeksheni, hayo mawili yakiachwa mtalipia mashine bure.

Kubadilisha sponji ni kila siku mbili tatu na inauma kweli, muombe nesi ampe ya maumivu kabla, sio anaanza kulia ndo mnatafuta panado. Na vipande vya sponji vinavyotoka vihesabiwe vilingane na vilivyoingia, kimoja kikisahaulika nyama inaota juu yake.