Barua ya Malalamiko: Kukatwa Alama kwa Kuacha Pengo katika Imla za Madaktari

Kwa Meneja wa Ubora,
Idara ya Unukuzi wa Taarifa za Kitabibu.

YAH: KUKATWA ALAMA NA MALIPO PALE NENO LISIPOSIKIKA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mnukuzi wenu wa imla za madaktari. Ninaandika kile wanachokirekodi kwa sauti. Ninapinga utaratibu mpya wa tathmini unaohesabu pengo, yaani nafasi ninayoiacha wazi pale neno lisiposikika, kuwa kosa sawa na neno lililoandikwa vibaya. Kwa utaratibu huo, anayekiri kuwa hakusikia anaadhibiwa, na anayebahatisha akapita bila kugunduliwa anapata alama zote.

Niwape mfano uliomo kwenye kumbukumbu zenu. Daktari alikuwa akitaja kipimo cha insulini, mlango ukagongwa, na tarakimu ikamezwa na kelele. Kwa Kiingereza, lugha ya imla zetu, 15 na 50 hutofautiana kwa kipande cha mwisho cha neno tu, na hicho ndicho kilichopotea. Niliacha pengo, nikaweka dakika na sekunde, nikaandika pembeni: “15 au 50, tafadhali daktari athibitishe.” Taarifa ilirudi na alama zimekatwa, na maoni ya mkaguzi yalikuwa maneno mawili: “Sikiliza tena.” Baadaye niliona nakala ya mwisho imejazwa 15. Huenda ni sahihi. Lakini hakuna alama yoyote kwenye faili inayoonyesha kuwa daktari aliulizwa, na mgonjwa wa kupewa yuniti 15 akichomwa 50, sukari yake inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Wakaguzi hutuambia tutumie muktadha. Tunautumia, na mara nyingi unatosha. Nikisikia jina la dawa lililo kati ya Lasix na Losec, kisha daktari akaongelea miguu iliyovimba na moyo uliochoka, najua ni Lasix. Akiongelea vidonda vya tumbo, ni Losec. Majina hayo yaliwahi kuchanganywa kiasi kwamba mwaka 1990 Losec ilibadilishwa jina Marekani ikawa Prilosec. Walichoona ni busara wakati ule ni kubadilisha jina la dawa. Sisi tunaambiwa tukaze masikio.

Muktadha una mwisho wake pia. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa na disfejia, yaani shida ya kumeza, au disfezia, yaani shida ya lugha, au zote mbili. Yote yanaingia vizuri kabisa kwenye sentensi ileile, na tofauti iko kwenye konsonanti moja katikati ya neno. Mwenye disfejia hatakiwi kupewa chakula kabla ya kupimwa umezaji wake. Mniambie ni kwa sikio gani nichague, ikiwa daktari anaongea ndani ya barakoa huku king'ora cha mashine kikilia nyuma yake.

Tena faili zenyewe mnazibana. Sauti inayohifadhiwa kwa sampuli 8,000 kwa sekunde hupoteza kila kilicho juu ya hezi 4,000, na huko ndiko iliko sehemu kubwa ya sauti za “s” na “f”. Nikipunguza kasi, nikabadilisha vipokea sauti, nikarudia mpaka masikio yaume, kilichokatwa hakirudi.

Kuhusu programu ya kutambua sauti mliyoileta, sina ugomvi nayo kwa imla safi. Shida ni kwamba haijui kusema “sikusikia”. Panapokuwa na kelele hutoa jina la dawa lililoandikwa vizuri, herufi zote mahali pake, na mkaguzi anayekimbizana na muda huliona kuwa jibu. Nimeshakuta imeweka ilium, mfupa wa nyonga, kwenye taarifa ya upasuaji wa utumbo ambako ni dhahiri daktari alikusudia ileum, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Hilo nililinasa kwa sababu halikuleta maana. Lenye kuleta maana ndilo linalonitia hofu.

Ninaomba pengo lenye alama ya muda na maelezo ya sababu lisikatwe alama wala malipo, na alama nilizokatwa kwa mapengo ya aina hiyo zirudishwe. Mapengo yafike kwa daktari kabla hajatia saini, yasifie kwa mkaguzi, na mkaguzi atakayelijaza aandike amelijaza kwa msingi gani. Pia mtufungulie taarifa za awali za mgonjwa husika, angalau orodha ya dawa zake. Kuiangalia ni kazi ya dakika moja, na mara nyingi humaliza ubishi wote wa Lasix na Losec.

Kama kampuni inaona utaratibu wa sasa ni sahihi, naomba hilo liandikwe wazi kwenye mwongozo wa kazi: kwamba mnukuzi asiyesikia kipimo cha dawa abahatishe. Mpaka mtakapoliandika, nitaendelea kuacha mapengo.

Ninasubiri jibu la maandishi kabla ya tathmini ijayo.

Wenu katika kazi,
Mnukuzi, Kitengo cha Taarifa za Upasuaji na Wodi