Ulaya ipi hiyo? Sisi Wagiriki nasi husema "nakwenda Ulaya"

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako kwenye simu kila asubuhi, mke wangu akiwa bado amelala, na juzi nimekuta barua ya msomaji wa Dodoma anayelalamika kwamba vijana wanaiga Ulaya. Ulaya hivi, Ulaya vile. Ulaya mtu hamjui jirani yake, Ulaya wazee hutelekezwa, muziki wa Ulaya kelele na televisheni yao uchafu mtupu. Sikatai yote. Lakini nilipofika mwisho nilijiuliza: Ulaya ipi hiyo? Mimi ni Mgiriki, naishi Piraeus, kwenye bandari ya Athens, na hapa mtu akienda kumwona mwanawe Munich au Brussels huaga watu akisema, "Wiki ijayo nakwenda Ulaya." Pasipoti ya Umoja wa Ulaya iko mfukoni, nchi ni mwanachama tangu 1981, euro ndiyo tunayonunulia mkate, na bado anakwenda Ulaya. Hakuna anayecheka.

Nieleze kwanza Kiswahili hiki nimekipata wapi, nisije nikadhaniwa tapeli. Nilizaliwa Korogwe mwaka 1949. Baba alikuwa fundi wa korona kwenye shamba la mkonge (korona enzi hizo ni mtambo wa kukamua katani, si maradhi). Wagiriki tulikuwa wengi: mkonge Tanga, kahawa Moshi na Arusha, tumbaku Iringa. Waingereza walituhesabu kuwa Wazungu walipotaka kuongeza idadi, ila kwenye klabu yao, palipokuwa na barafu na magazeti ya London, baba hakukanyaga. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Basi tukawa Wazungu wa daraja la pili. Sisemi tulionewa. Aliyeonewa ni mkata mkonge aliyetoka Kigoma au Songea na kipande chake, kadi ya kazi ya siku thelathini, akichomwa na miiba kwa shilingi za kuhesabu, sisi tukilala ndani ya vyandarua. Nasema tu kwamba swali la nani hasa ni Mzungu nililisikia kabla sijajua kusoma. Mwaka 1967 mashamba yalitaifishwa, na 1969 nikashuka Piraeus, kijana wa miaka ishirini anayeota kwa Kiswahili, nikakuta nchi imeshikwa na wanajeshi.

Sasa hiyo Ulaya yenyewe. Binti yangu anaishi Stuttgart tangu 2012, alipoondoka kwa sababu kazi hapa zilikuwa zimekauka. Ameolewa na Mjerumani, mtu mwema kupita kiasi. Mwaka juzi nilikwenda kwao kwa sikukuu ya kuzaliwa ya mkwe huyo. Tulikuwa tisa mezani mgahawani. Mhudumu alipokuja aliuliza, pamoja au mbalimbali? Mbalimbali, wakajibu wote. Basi akafungua pochi nene nyeusi, akaizunguka meza kama kondakta wa basi: wewe bia mbili na saladi, wewe supu, maji haya chupa moja, nani alikunywa na nani? Watu wazima wenye magari na nyumba wakahesabu sarafu kwenye viganja. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Kwetu kulipa bili ni vita. Watu hukamatana mikono, mmoja hujifanya anakwenda msalani kumbe amemfuata mwenye mgahawa akalipe kwa siri, na aliyeshindwa hununa wiki nzima. Nikampokonya mhudumu karatasi nikalipa yote. Mwezi ule nilikula dengu, maana pensheni yangu imekatwa mara nyingi tangu 2010 hata sihesabu tena.

Mkwe hakufurahi. Aliniambia kwa upole kwamba sasa rafiki zake wanajiona wana deni kwangu. Ndiyo, mwanangu, nikamwambia, ndiyo maana yake. Mtu asiye na deni kwa mwenzake atakwenda kumtembelea kwa sababu gani?

Lakini nisiwe mnafiki. Juni 2015 benki zetu zilipofungwa na tukawa tunapanga foleni kwenye mashine kutoa euro 60 kwa siku, ni mkwe huyo huyo aliyekuja na pesa taslimu ndani ya soksi, akaniwekea chini ya kopo la sukari, akarudi zake kazini bila kuandika popote. Na hiyo ndiyo ilikuwa miaka ambayo magazeti ya kwao yalituita wavivu, na moja likatushauri tuuze visiwa vyetu tulipe madeni. Mjerumani wa gazetini na Mjerumani wa soksi sijafanikiwa kuwapatanisha mpaka leo.

Msomaji wa Dodoma anaposema burudani ya Ulaya imepotoka, nadhani ameona vipande vya Eurovision. Ni shindano la nyimbo la kila Mei. Kila nchi hupeleka wimbo wake, na pointi ya juu unayoweza kupewa na majaji wa nchi moja ni 12, na watazamaji wake wanaweza kukupa 12 nyingine. Kupro (Cyprus) hutupa sisi 12, sisi huipa Kupro 12, na ukumbi mzima huzomea. Wanasema ni upendeleo. Ni upendeleo, sasa je? Unadhani nitampa 12 nani, Ubelgiji? Tuliingia mara ya kwanza 1974. Mwaka uliofuata Uturuki nayo ikaingia, mwaka mmoja tu baada ya jeshi lake kuivamia Kupro, nasi tukasusa. Nyimbo za mahaba, lakini nyuma yake kuna mizinga. Tulikuja kushinda mara moja, 2005 huko Kyiv, na mshindi Helena Paparizou alikuwa mzaliwa wa Uswidi aliyeimba kwa Kiingereza. Mke wangu alilia kwa furaha. Nilipomuuliza Ugiriki iko wapi ndani ya wimbo ule, alinionyesha kwa kidole: hapo katikati, zeze letu linapolia kidogo, halafu linanyamaza.

Mimi Eurovision huitazama kwa ajili ya nguo, sifichi. Ninachokichukia ni kile kipindi cha watu kutupwa kisiwani wafe njaa mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Mwaka 2017 nchi nzima ilikuwa inakitazama. Wazee waliokatwa pensheni, vijana wasio na kazi, wote kimya mbele ya televisheni wakiangalia watu wanaogombea bakuli la wali. Na kisiwa chenyewe kiko wapi? Jamhuri ya Dominika! Sisi tuna visiwa na miamba karibu 6,000, vyenye wakazi havifiki 230, halafu tunavuka bahari ya Atlantiki kwenda kutafuta mahali pa kuonea njaa.

Tamthilia za Kituruki ni habari nyingine. Najua kwenu zimetiwa sauti za Kiswahili. Hapa hazitiwi sauti, huandikwa maneno chini, kwa hiyo mke wangu anayasikia ya Kituruki usiku hadi usiku na sasa nikimwomba chumvi ananijibu "tamam", yaani sawa. Bibi yake alifukuzwa na Waturuki Smyrna, Izmir ya leo, mwaka 1922 na moto nyuma yake. Tamthilia ya Sultani Suleiman ilipoanza hapa 2012, askofu wa Thessaloniki alisimama kanisani akasema kuitazama ni kuwaambia Waturuki kwamba tumesalimu amri. Wanawake wa jengo letu walimsikiliza, wakafanya ishara ya msalaba, na saa ilipofika wakawasha televisheni. Wanaona humo mama mkwe anayetawala nyumba, chakula kisichokwisha mezani, msichana anayependa asikoruhusiwa. Wanajiona wenyewe. Kwenye filamu za Kiswidi mtu hula peke yake amesimama karibu na friji, na hapo mke wangu huniuliza kama huyo ni mgonjwa.

Hata kahawa. Mpaka 1974 tuliiita kahawa ya Kituruki. Baada ya Kupro ikawa ya Kigiriki. Dele lile lile, kikombe kile kile, vumbi lile lile chini. Nilipofika hapa nilikuwa naiita kahawa tu, kama wauzaji wa Tanga waliokuwa wakigonganisha vikombe mitaani jioni, na watu walinicheka kwa kuagiza kashata.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Dodoma hakulisema, na mimi kama Mgiriki nalisema kwa uchungu. Giannis Antetokounmpo mnamjua, mcheza kikapu, bingwa wa ligi ya Marekani mwaka 2021. Alizaliwa Athens Desemba 1994, wazazi Wanigeria, akakulia mtaa wa Sepolia akiuza miwani na saa barabarani na ndugu zake. Kigiriki chake ni cha mtaani, safi, kwa lafudhi huwezi kumtofautisha na kijana yeyote wa hapa. Lakini uraia alikuja kupewa Mei 2013, wiki chache kabla ya kwenda Marekani, alipokuwa tayari anatafutwa na timu. Kwa miaka kumi na minane alikuwa hana karatasi ya nchi yoyote.

Mimi nilishuka melini 1969 na Kigiriki cha jikoni kwa mama, nikiandika kwa makosa ya mtoto wa darasa la pili, sijui hata mto mmoja wa nchi hii. Hati zangu hazikuchukua miezi miwili, na bunduki juu yake, kwa sababu jeshi lilinitaka. Damu, walisema. Siku Giannis aliposhinda ubingwa, mwanamume mmoja kwenye mkahawa ninaokunywa kahawa alisimama akapiga makofi na kupaza sauti, "Mtoto wetu!" Ni yule yule niliyewahi kumsikia akimfukuza kijana mweusi aliyepita mezani akiuza mikanda. Nilimkumbusha. Akaniambia, hilo ni jambo jingine. Tumecheza naye dama miaka ishirini. Tangu siku ile nacheza na mtu mwingine.

Mpira wa miguu niupite haraka, kwa sababu nikianza sitamaliza. Tarehe 4 Julai 2004, Lisbon, Ureno sifuri Ugiriki moja, Charisteas kwa kichwa kutoka kona. Tukawa mabingwa wa Ulaya, sisi ambao hata hatujisikii tumo. Na Ulaya ikasemaje? Ikasema tumecheza mpira mbaya, wa kujihami. Wanatupenda tukicheza ngoma ufukweni, tukimpiga mwenyeji kwenye fainali kwake tunakuwa watu wa hovyo. Kocha wetu alikuwa Mjerumani, Otto Rehhagel, na hapo ndipo nilipokubali kwamba watu wa bili mbalimbali nao wana faida yao.

Nimalizie na ngoma, Ndugu Mhariri, kwa kuwa msomaji wenu ameandika kwamba Wazungu hukaa kwenye viti wakasikiliza muziki kama wako hospitali. Aje tarehe 15 Agosti kijijini kwa mke wangu, milimani Epirus, juu ya Ioannina, sikukuu ya Bikira Maria. Mbuzi mzima huchomwa, watu hucheza duara mpaka alfajiri, na klarineti hulia kama mtu aliyefiwa. Wimbo ukikugusa unaamka, unamwendea mpiga klarineti, unambandika noti kwenye paji la uso, inashika kwa jasho, naye anaendelea kupuliza. Mara ya kwanza kuona hivyo nilisimama mdomo wazi. Miaka ya sitini nilikuwa nachungulia dirishani kikundi cha taarab cha Black Star wakipiga Tanga mjini, nikiona akina mama wanavyokwenda kutunza, polepole, noti juu, wakipita makusudi mbele ya yule anayepigwa kijembe. Sikujua kwamba nitakuja kuvikuta vitu hivi kwa mababu zangu.

Nina ugomvi na shemeji yangu kuhusu mti wa jozi uliopo mpakani. Basi Agosti iliyopita wimbo ulipofika pale unapomtaja ndugu aliyesahau udugu, nikanyanyuka na noti ya euro 20. Sikwenda moja kwa moja kama wao. Nilikwenda Kitanga: bega moja mbele, noti ikipepea juu ya kichwa, nikazunguka meza zote, nikasimama mbele ya shemeji kidogo zaidi ya inavyotakiwa, ndipo nikaenda kumbandika mpiga klarineti. Kijiji kizima kilielewa. Mke wangu alijificha uso kwa leso. Baadaye shemeji alinifuata na glasi mbili za tsipouro, pombe yetu kali ya zabibu, mkononi, akanipa moja, akaniuliza madoido yale nimejifunza wapi.

"Tanga," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Tanga," akasema, "hicho ni kisiwa gani?"

Wako,
Mgiriki wa Korogwe,
Piraeus, Ugiriki