Wauzaji wa haibridi za kuchaji waeleze pia habari ya mteremko

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, huelezwa nusunusu kila magari ya haibridi ya kuchaji kwa waya, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri inayochajiwa kwa waya, yanapotangazwa, nalo ni namna magari hayo yanavyozuia mwendo yanaposhuka mteremko mrefu. Mnunuzi huambiwa kwamba gari likishuka mlima hujichaji lenyewe, na kwamba pedi zake za breki zitadumu kuliko za gari la petroli. Yote mawili ni kweli. Kisichosemwa ni kwamba kujichaji huko kunahitaji nafasi ndani ya betri, na kwamba mtu aliyelichaji gari lake hadi asilimia 100, kisha akaanza safari kwa kuteremka, ameifunga mwenyewe ile breki aliyoambiwa aitegemee.

Gari la aina hii lina breki za namna mbili chini ya pedali moja. Dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, au anapoigusa breki kidogo, mota ya umeme iliyokuwa ikisukuma magurudumu hugeuka kuwa jenereta: sasa magurudumu ndiyo yanayoizungusha, umeme unaozalishwa unaingia kwenye betri, na ule ugumu wa kuizungusha ndio unaolipunguzia gari mwendo. Akikanyaga zaidi, au mwendo ukiwa mdogo sana kama gari linapokaribia kusimama, kompyuta huziita breki za kawaida, yaani pedi zinazobana diski. Katika magari yaliyotengenezwa vizuri mguu hauhisi breki moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Ufundi huo ni wa kusifiwa, ila unamnyima dereva habari muhimu, kwa sababu hawezi kujua ni breki ipi inayolishikilia gari lake mpaka aangalie dashibodi, na wengi hawajafundishwa waangalie nini.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana vizuri kwa hesabu. Gari lenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na abiria na mizigo, likishuka kimo cha mita 1,000, linaachilia nishati ya takriban kilowati-saa 5.4. Kiasi hicho hakitokani na ufundi wa mtengenezaji wala ustadi wa dereva. Kinatokana na uzito na kimo tu. Kwenye mteremko wa asilimia 6, yaani unaoshuka mita 6 kwa kila mita 100, safari hiyo ni ya kilomita 17 hivi, na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa itachukua kama dakika 17. Upepo na matairi vitakula kama robo ya nishati hiyo, na zinazobaki, kilowati-saa 4 hivi, lazima zimezwe na sehemu fulani ya gari, la sivyo gari litazidi kuongeza kasi. Mota na betri zikizimeza, kwa kutoa kile kinachopotea njiani, zitahifadhiwa kama kilowati-saa 3, nazo zinatosha kulitembeza gari zaidi ya kilomita 10 kwenye barabara tambarare bila tone la petroli. Hiyo ndiyo neema inayotangazwa, na mimi siibezi hata kidogo.

Sasa tuziangalie betri zenyewe. Toyota Prius ya kwanza ya kuchaji, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 4.4, iliyofuata ilikuwa na 8.8, na ya sasa ina 13.6. Mitsubishi Outlander ya kuchaji ilianza na 12 na baadaye ikafikia 20. Dereva anayefika kileleni betri ikiwa nusu ana nafasi ya kupokea karibu chochote ambacho mteremko wa mita 1,000 utampa. Aliyefika betri imejaa hana pa kukiweka, ukiacha akiba ndogo ambayo watengenezaji huiacha juu ya ile asilimia 100 inayoonekana kwenye dashibodi. Akiba hiyo huisha mapema katika mteremko mrefu, na inapoisha kompyuta huizuia mota isizalishe umeme zaidi, kwa kuwa kuilazimisha betri ya lithiamu kupokea chaji isiyo na nafasi kunaiharibu na kunaweza kuwa hatari.

Kinachofuata hutofautiana kati ya gari na gari, na hapa ndipo elimu inapohitajika zaidi. Magari mengine humwachia dereva breki za diski peke yake: sindano ya dashibodi iliyokuwa imelalia upande wa kuchaji inarudi kwenye sifuri, gari linakuwa jepesi na kuanza kukimbia, na dereva anajikuta akikanyaga breki kwa nguvu zaidi kupata matokeo yale yale aliyoyapata kilomita mbili nyuma. Magari mengine huiita injini isaidie. Katika mfumo wa Toyota, dereva akiweka gia kwenye herufi B, mota mojawapo huweza kuizungusha injini bila kuinyunyizia petroli, nayo injini ikipambana na hewa iliyomo ndani ya silinda zake huila ile nishati ambayo betri imeikataa. Mtu asiyelijua jambo hili hushtuka sana. Gari lililokuwa likishuka kimya linaanza kunguruma kana kwamba mtu amekanyaga mafuta hadi mwisho, ilhali mguu wake uko juu ya breki, na abiria wanatazamana. Nimewahi kukaa kiti cha mbele katika gari la rafiki yangu wakati ngurumo hiyo ilipoanza, naye kwa hofu akarudisha gia kwenye D ili kelele ziishe. Zikaisha kweli, na pamoja nazo ukaisha msaada aliokuwa akiupata, hata tukafika bondeni harufu ya pedi zilizoungua imejaa ndani ya gari. Hakuwa mzembe, hakuna aliyemwambia kwamba ile ngurumo ilikuwa breki.

Niongeze kwamba herufi B haina maana moja katika magari yote. Katika Outlander, vijiti vilivyo nyuma ya usukani huchagua nguvu ya kujichaji kutoka B0, ambapo gari linaserereka kwa uhuru, hadi B5, ambapo linajizuia kwa nguvu zaidi mguu ukiondolewa kwenye mafuta. Mtu anayehama kutoka gari moja kwenda jingine akidhani anaijua B anaweza kukosea. Kwa hiyo ushauri wa jumla kwamba "weka B" hautoshi. Mwenye gari anapaswa kuonyeshwa B ya gari lake inafanya nini betri ikiwa na nafasi, na inafanya nini betri ikiwa imejaa.

Wapo watakaosema kwamba breki za kawaida bado zipo, hivyo hakuna cha kuhofia. Ni kweli zipo, na zimetengenezwa ziweze kulisimamisha gari zenyewe hata mota isipochangia chochote. Lakini kulisimamisha gari mara moja ni jambo moja, na kulishikilia kwa dakika 17 mfululizo ni jambo jingine. Zile kilowati-saa 4 zikipelekwa zote kwenye diski nne zenye jumla ya kilo 30 za chuma, na tukichukulia kwamba hewa haizipozi kabisa, zinatosha kuzipandishia joto kwa takriban digrii 1,000 za Selsiasi. Hewa huzipoza, bila shaka, na ndiyo maana magari mengi hufika salama. Hata hivyo, joto linalobaki linatosha kuzifanya pedi zipoteze uwezo wa kung'ang'ania diski. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyozeeka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya digrii 230, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi digrii 155. Yakichemka, mapovu hujaa kwenye mabomba, na pedali huzama hadi sakafuni bila breki kushika. Tukumbuke pia kwamba haibridi ya kuchaji, kwa sababu ya betri na mota zake, mara nyingi huwa nzito kuliko ndugu yake wa petroli kwa kilo 200 hadi 300, na uzito huo wote unateremka pamoja na dereva.

Tiba yake si ngumu wala haina gharama. Anayeishi au kulala juu mlimani asiichaji betri ikajaa usiku wa kuamkia safari ya kuteremka. Gari likiwa na mpangilio wa kuweka ukomo wa chaji, autumie, na kama halina, achomoe waya mapema. Wanaopanda mlima ili wateremkie upande wa pili wana mtego wao, maana magari mengi ya aina hii yana kitufe cha kuifanya injini iichaji betri wakati gari likitembea, na wapo wanaokibonyeza wanapopanda wakidhani wanaweka akiba. Hiyo ni kuchoma petroli mara mbili: kwanza kuijaza betri, kisha kuitupa bure nishati ambayo mteremko ungeitoa. Ni afadhali kutumia umeme wakati wa kupanda, huku ukibakiza kiasi kidogo ili gari lisikose nguvu, na kumwachia mlima kazi ya kuijaza betri upande wa pili.

Katika kushuka kwenyewe, mwendo ndio wa kwanza. Kushuka polepole hakupunguzi nishati ya mlima, lakini kunaieneza katika dakika nyingi zaidi, na breki hupata nafasi ya kupoa. Gari lile lile la kilo 2,000, kwenye asilimia 6 na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huipa mota kazi ya kilowati 14 hivi. Mteremko ukiwa wa asilimia 10, kazi hiyo hukaribia kuwa maradufu kwa mwendo huo huo. Gia ya kuzuia ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza, wala si baada ya gari kushika kasi. Pale breki za diski zinapohitajika, ni bora kuzikanyaga kwa uthabiti kwa muda mfupi kisha kuziachia, kuliko kuzilalia kidogokidogo njia nzima. Na kuhusu tabia ya kutia frii ili kuokoa mafuta, ambayo madereva wengine wameitoa kwenye magari ya zamani, niseme wazi kwamba katika haibridi ni hasara tupu, kwani gia ikiwa kwenye N mota haizalishi umeme, injini haizuii, na uzito wote unazielemea pedi.

Jambo moja zaidi huwapata hasa wale wanaoendesha vizuri. Breki za diski zisipotumika mara kwa mara hushika kutu, na pini za kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, zinaweza kukwama, hivyo siku mota itakapokataa kusaidia, zitaitwa breki ambazo miezi kadhaa hazijafanya kazi nzito. Kwa sababu hiyo fundi asiridhike kuona pedi bado nene. Afungue magurudumu, aangalie kama pedi zinateleza kwenye reli zake na kama diski ni safi pande zote mbili, na abadilishe mafuta ya breki kwa muda uliowekwa na mtengenezaji hata kama gari limetembea kidogo.

Kwa hayo yote, ombi langu la kwanza ni kwa watengenezaji. Uwezo wa kuweka ukomo wa chaji ungepaswa kuwa katika kila haibridi ya kuchaji, kama General Motors walivyofanya katika Chevrolet Bolt, gari la umeme mtupu lililotoka na mpangilio mahususi wa wakazi wa milimani, unaoiacha betri na nafasi ya kupokea mteremko wa asubuhi. Ungepaswa kuwapo pia ujumbe wa maneno kwenye dashibodi, unaomwambia dereva kwamba kujichaji kumesitishwa na kwamba sasa anategemea diski peke yake, badala ya kumwachia aisome sindano.

La pili ni kwa wauzaji na walimu wa udereva. Gari lililokwisha kutumika mara nyingi hufika kwa mwenye kulinunua bila kitabu cha maelekezo, na anayemkabidhi funguo ndiye mtu wa mwisho anayeweza kumweleza. Dakika 10 za kushuka kilima pamoja naye, akionyeshwa sindano, herufi B na sauti ya injini isiyochoma mafuta, zitamfaa kuliko maelezo marefu kuhusu redio na kamera ya nyuma.

La mwisho nalielekeza kwako, Mhariri. Kurasa za magari hupima jinsi gari linavyoondoka kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa, na kilomita linazotembea kwa umeme. Nawaomba waandishi wako, watakapopewa tena haibridi ya kuchaji waijaribu, wailaze kileleni ikiwa imechajiwa hadi mwisho, waiteremshe asubuhi yake, na waandike ni mota, injini au diski iliyoishikilia, na kwa kilomita ngapi.

Wako,
Msomaji na dereva wa haibridi ya kuchaji